Ugomvi wa sauti ya chini: familia za Kiyahudi zilivyogombana mafichoni Amsterdam

Julai 1943, katika nyumba iliyofichwa nyuma ya ofisi za Prinsengracht 263, Amsterdam, msichana wa miaka 14 alimwomba daktari wa meno wa miaka 54 amwongezee muda wa kutumia meza. Meza yenyewe ilikuwa ndogo, na ilikuwa katika chumba walicholala wote wawili. Anne Frank alikwisha kupewa nafasi ya kuitumia mchana, saa nane na nusu hadi saa kumi, Fritz Pfeffer anapojipumzisha. Alichotaka zaidi ni alasiri mbili kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Pfeffer akakataa. Kazi za msichana huyo, kwa maoni yake, hazikuwa kazi. Baba yake Anne, Otto, akaingilia kati, wakajadiliana kama mawakili, na mwishowe Pfeffer akakubali kwa shingo upande, kisha akanuna.

Majira hayohayo, Uholanzi ikiwa chini ya Wanazi wa Ujerumani, treni zilikuwa zikitoka kambi ya Westerbork, kaskazini-mashariki mwa nchi, kwenda Sobibór, kambi ya mauaji iliyokuwa Poland. Kati ya Machi na Julai 1943 zilibeba Wayahudi zaidi ya 34,000, karibu wote wakauawa kwa gesi. Msomaji wa leo akifika hapo kwenye shajara ambayo Anne aliiandika humo mafichoni huguna: kifo kiko mlangoni, nao wanagombea meza?

Naona swali hilo limeanza kwa mguu mbaya. Linadhani kwamba hofu kubwa hufuta hasira ndogo. Kwa watu wale mambo yalikwenda kinyume: kila walipozidi kunyang'anywa vikubwa, vidogo vilivyobaki vilipanda thamani. Na njia waliyochagua ya kujiokoa, yaani kujificha familia nzima pamoja, ilifunga milango yote ambayo watu wa kawaida huitumia kupoza ugomvi.

Walikuwa wanane. Otto Frank, mfanyabiashara mzaliwa wa Frankfurt aliyepigana upande wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mkewe Edith, na binti zao Margot na Anne. Walihamia Uholanzi baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, na Otto akaanzisha biashara ya pektini, ile dawa ya kugandishia jamu. Familia ya pili ilitoka Osnabrück: Hermann van Pels, mjuzi wa viungo vya soseji aliyefanya kazi na Otto, mkewe Auguste na mwana wao Peter. Wa nane alikuwa Pfeffer. Wasomaji wengi wanawajua van Pels na Pfeffer kwa majina ya van Daan na Dussel, ambayo Anne aliyabuni alipokuwa akiandaa maandishi yake yawe kitabu.

Tarehe 5 Julai 1942 Margot, mwenye miaka 16, aliletewa amri ya kuripoti ili apelekwe kufanya kazi Ujerumani. Kesho yake asubuhi familia ya Frank ikahamia mafichoni. Van Pels na wenzake walifuata baada ya wiki moja, Pfeffer akaingia tarehe 16 Novemba. Walikaa humo mpaka walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944.

Kitu kinachosahaulika ni kwamba kujificha kwa namna hiyo hakukuwa kawaida. Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000, na inakadiriwa zaidi ya 25,000 kati yao walijaribu kujificha. Walio wengi walitawanyika: mama shambani kwa mkulima fulani, baba mjini, mtoto kwa watu wasiomjua kabisa, tena wakihamishwa kila jirani alipoanza kuuliza maswali. Watu wa harakati za siri walipendelea hivyo. Mtu mmoja ni rahisi kumlisha, na akikamatwa mmoja wengine wanabaki. Otto aliweza kukataa utaratibu huo kwa sababu alikuwa na vitu ambavyo wengi hawakuwa navyo: jengo ambalo biashara yake ilikuwa ndani yake, akiba ya fedha, na wafanyakazi waliokubali kuhatarisha maisha yao. Victor Kugler, Johannes Kleiman, Miep Gies na Bep Voskuijl walikuwa ofisini kila siku kana kwamba juu yao hakuna kitu. Babake Bep, Johan, ndiye aliyetengeneza kabati la vitabu lililoziba mlango.

Kubaki pamoja, basi, ilikuwa bahati, na bahati ile ilikuwa na gharama. Otto mwenyewe alikuja kueleza baada ya vita kwamba walitarajia kuishi na familia ya mwenzake wa kazi kungewapunguzia uchovu wa siku zinazofanana. Hawakuona mapema matatizo yatakayoletwa na tofauti za tabia na maoni.

Tutazame vyumba vyenyewe, kwa sababu nusu ya ugomvi imejengwa humo. Otto, Edith na Margot walilala chumba kimoja. Anne alilala na Pfeffer, mtu mzima asiye ndugu yake. Peter alikuwa na kichumba cha kupita, chenye ngazi ya kwenda darini. Chumba kikubwa cha juu kilikuwa jiko, mahali pa kulia na sebule ya watu wote wanane mchana kutwa. Usiku kikageuka chumba cha kulala cha Hermann na Auguste. Shajara inamchora Auguste kama mwanamke mwenye kelele, mwenye kujipendekeza kwa wanaume na mwepesi wa machozi. Huenda alikuwa hivyo. Lakini ni mama mwenye nyumba aliyekuwa hawezi kuingia kitandani mpaka wengine sita wamalize maongezi yao, na asubuhi lazima kitanda kikunjwe kabla sufuria haijawekwa motoni. Anne hatoi hesabu hiyo popote.

Wala hazikupita wiki nyingi. Mapema Septemba 1942, hata miezi miwili haijatimia, Auguste alitoa mashuka yake kwenye kabati la pamoja akaacha matatu tu, akidhani ya Edith yatatosha familia zote mbili. Edith alipogundua hakusema neno. Naye akatoa ya kwake. Papo hapo kukawa na kesi ya vyombo: Auguste alikasirika kwamba sahani zinazotumika na kuvunjika ni zake, huku za Frank zimehifadhiwa. Mtu aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye jiko moja anaijua kesi hii bila kusimuliwa.

Nyuma ya mashuka kulikuwa na fedha, na hapa ndipo pazito zaidi. Watu wa mafichoni hawana kipato. Wanakula akiba. Kuponi za mgao wa chakula zilipatikana kwa njia za siri kupitia Jan, mumewe Miep, lakini bado vitu vilinunuliwa, na bei za ulanguzi zilipanda kila msimu. Fedha za van Pels zilianza kuisha kabla ya za Frank. Ndipo mwaka 1943 likauzwa koti la Auguste la manyoya ya sungura, alilolivaa miaka 17, likaleta gilda 325, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Auguste alitaka kuzitunza fedha hizo ili vita vikiisha ajinunulie nguo. Mumewe akamweleza kwamba zinahitajika kwa chakula. Anne anasimulia makelele yaliyofuata kwa dhihaka: kupiga miguu chini, kulia, kutukana. Ukisoma kwa makini, ugomvi ule haukuhusu koti. Mke alikuwa anadai kuwe na siku baada ya vita. Mume alikuwa anamwambia kwamba siku hizo zinaliwa leo, pamoja na viazi.

Siagi iligawanywa, na mgao wake ukazaa minong'ono kuhusu nani alijipakulia zaidi. Mboga zilifuatana kwa misimu: wiki za spinachi tupu, wiki za maharagwe tupu. Mei 1944 alikamatwa Hendrik van Hoeve, muuza mboga aliyekuwa akiwapatia viazi, kwa sababu alikuwa amewaficha Wayahudi wawili nyumbani kwake. Mafichoni wakaamua kufuta kifungua kinywa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mafichoni hakukuwa na jembe la kumpa mtu, na siku zilikuwa zaidi ya mia saba. Wale wanane walijaribu kulipa kwa kile walichoweza: wakamenya, wakashona, wakasaidia makaratasi ya ofisini jioni wafanyakazi wakishaondoka. Hata masomo ya hatimkato na ya Kilatini yaliyokuja kwa posta yaliandikishwa kwa jina la Bep. Deni lenyewe, hata hivyo, lilikuwa kubwa kuliko malipo yoyote. Anne aliandika Januari 1944 kwamba hawakuwahi kusikia kutoka kwa wasaidizi hao neno moja la kuonyesha kuwa wao ni mzigo. Ni sifa kubwa. Pia inaeleza jambo jingine: mtu huwezi kumkasirikia anayekuletea mkate kwa kuhatarisha shingo yake. Adui mwenyewe hukuweza kumfokea, wala mfadhili. Aliyebaki wa kufokewa ni uliyeketi naye mezani.

Tena kufoka kwenyewe kulikuwa na ratiba. Saa mbili na nusu asubuhi wafanyakazi wa ghala waliingia chini, na wengi wao hawakujua siri. Kuanzia hapo viatu vilivuliwa, maji hayakufunguliwa, choo hakikuvutwa. Saa sita na nusu kulikuwa na nafuu ya mapumziko ya mchana, ambapo wasaidizi walipanda kula nao na kuleta habari za mjini. Kisha kimya tena mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Margot alipopata kikohozi alinyweshwa kodeini ili asikohoe usiku. Kwa hiyo neno la kuudhi lililosemwa saa tatu asubuhi lilibidi libaki kifuani mpaka jioni, likichacha. Katika nyumba ya kawaida mtu angetoka nje, akatembea hadi dukani, akamlalamikia dada yake au jirani, akarudi amepoa.

Hapa nadhani inafaa kutenganisha aina mbili za ugomvi ambazo shajara inazichanganya. Ule wa mashuka, siagi na meza ulikuwa wa heshima: nani anahesabiwa kuwa mtu mzima, nani mwenye mali, nani mpangaji. Mwingine ulikuwa wa uhai na kifo. Pfeffer aliwahi kumwagiza Miep kitabu kilichopigwa marufuku, chenye kuwabeza Hitler na Mussolini; njiani Miep akagongwa na pikipiki ya watu wa SS, kikosi cha Wanazi. Usiku wa Aprili 1944 wezi walivunja ghalani, polisi wakaja wakatikisa lile kabati la vitabu, na wote wanane wakalala sakafuni bila kusogea. Katika saa zile lilitolewa wazo la kuchoma shajara ya Anne, isije ikawataja wasaidizi ikikamatwa. Kugler aliwakaripia baadaye kwa uzembe wao. Haikupita hata wiki, Peter akasahau kufungua komeo la mlango wa mbele, wafanyakazi wakashindwa kuingia asubuhi, ikabidi Kugler avunje dirisha. Hasira za siku kama hizo hazikuwa udogo wa roho. Kosa la mtu mmoja lingeua wanane, na kuwapeleka jela waliowasaidia.

Pfeffer alichaguliwa kwa hoja ya ukarimu: hatari ya watu saba na ya wanane ni ileile. Kwa upande wa hatari ilikuwa kweli. Kwa upande wa maisha ya ndani haikuwa kweli hata kidogo. Familia mbili zilikwisha kujipanga, kila moja na baba, mama na mtoto wa kumtetea. Yeye aliingia peke yake.

Uhusiano mgumu kuliko wote, lakini, ulikuwa ndani ya familia moja: Anne na mama yake. Jioni moja ya Aprili 1943 Otto alichelewa kuja kusali na Anne kabla ya kulala, Edith akajitolea. Anne akamkatalia. Mama akatoka chumbani akilia. Shajara imejaa maneno makali dhidi ya Edith, na kwa miaka mingi wasomaji wamemwona kama mwanamke baridi. Miep, aliyemfahamu kwa upande mwingine, alisimulia kwamba Edith alikuwa akitafuta nafasi ya kuzungumza naye faragha, na alichokuwa nacho moyoni ni kukata tamaa: hakuamini kwamba mwisho mwema utafika. Mumewe alikuwa na matumaini, watoto walihitaji matumaini, kwa hiyo huzuni yake hakuwa na pa kuitua.

Mafichoni mzazi huvuliwa karibu kila kitu kinachomfanya awe mzazi. Hawezi kumlinda mtoto, hawezi kumpeleka shule wala kumtoa nje. Malezi yake yanafanyika mbele ya hadhira. Hermann na Auguste walimwambia Edith waziwazi kwamba Anne amedekezwa, nao Frank wakaona Peter anafokewa mno. Binti wa miaka 13 aliyegombana na mama yake Amsterdam ya kawaida angepata walau rafiki wa kumsikiliza, na mama angepumzishwa na saa za shule.

Tarehe 2 Januari 1944 Anne aliyasoma upya aliyoyaandika kuhusu mama yake, akashtuka. Akaandika kwamba alikuwa amejifungia ndani ya hasira zake bila kutazama upande wa pili. Hakubadilika akawa binti mpole. Aliendelea kumlaumu Edith kwa mengine. Ila alianza kuona kwamba ugomvi una watu wawili ndani yake. Walipofika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, wafungwa walionusurika walishuhudia kwamba Edith na binti zake hawakuachana, mama akiwatafutia mkate. Mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba wasichana walipelekwa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, mama akabaki. Alifariki Auschwitz tarehe 6 Januari 1945, wao wakafa muda mfupi baada yake. Kati ya wanane alirudi Otto peke yake.

Ya Anne na Peter, yaliyoanza majira ya baridi ya 1944, yamesimuliwa sana. Nitasema tu kwamba yaliamsha ugomvi wa aina mpya. Otto, mtu ambaye Anne hakuwahi kumkosea adabu, alimtaka apunguze kwenda darini. Anne akamwandikia barua ya kujitetea, akidai anajitegemea na wakati alipohitaji msaada wazazi hawakumsaidia. Barua ilimuumiza Otto sana, akamweleza hivyo, na Anne akaona aibu.

Yote haya tunayajua kupitia shahidi mmoja, naye ni mmoja wa wagomvi. Hilo pekee lingetosha kutufanya tusome kwa tahadhari, na kuna tabaka nyingine. Machi 1944 waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London, Gerrit Bolkestein, alitangaza redioni kwamba baada ya vita shajara na barua za wananchi zitakusanywa. Kuanzia Mei Anne akaanza kuandika upya, akipunguza hapa na kunoa pale. Otto, alipoichapisha mwaka 1947, naye alipunguza: baadhi ya maneno dhidi ya Edith, baadhi ya mambo ya mwili. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba kulikuwa na kurasa tano zilizowekwa pembeni, ambamo Anne anaichambua ndoa ya wazazi wake na kuhisi kwamba Edith alimpenda Otto kuliko yeye alivyopendwa. Otto hakutaka zisomwe na watu. Sioni sababu ya kumlaumu mgane huyo.

Nje ya Amsterdam, mfumo huuhuu ulijirudia katika hali mbaya zaidi. Huko Lwów, mji ambao leo ni Lviv, Ukraine, kundi la Wayahudi lilijificha kwenye mifereji ya maji machafu kwa miezi 14, likilipa kwa siku mfanyakazi wa mifereji, Mpolandi Leopold Socha. Fedha zilipokwisha Socha aliendelea kuwahudumia. Humo chini palizaliwa mtoto, na mama yake akamziba pumzi ili kilio kisiwafichue wengine. Na kwa maelfu ya watoto waliotenganishwa na wazazi, ugomvi ulikuja baada ya vita: mzazi au shangazi anarudi, na mtoto hamjui, anamwita mama yule aliyemficha. Uholanzi iliunda tume mwaka 1945 kuamua hatima ya yatima wa Kiyahudi, na mabishano kati ya walezi Wakristo na ndugu wa damu yaliendelea kwa miaka.

Hata kesi ya wale wanane haikuisha kwa kufa kwao. Tamthilia iliyotokana na shajara hiyo, iliyoonyeshwa New York mwaka 1955, ilimfanya Hermann aibe mkate usiku, jambo ambalo shajara haina. Ikamfanya Pfeffer kuwa mtu asiyejua ibada za dini yake, ili awepo jukwaani wa kuelezwa Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi, kwa faida ya watazamaji wasio Wayahudi. Pfeffer halisi alikuwa mshika dini. Alikuwa na mchumba Mkristo, Charlotte Kaletta, ambaye sheria za Wanazi za Nuremberg za 1935, zilizokataza Myahudi kuoana na asiye Myahudi, zilimzuia kumwoa, na mwana, Werner, aliyempeleka Uingereza kabla ya vita. Miezi yote ya mafichoni Miep alibeba barua kati ya Pfeffer na Charlotte. Baada ya vita Charlotte alipigania ndoa yao itambuliwe Ujerumani, na ikatambuliwa, ihesabiwe kuanzia 1937. Aliandika kulalamikia tamthilia ile, akavunja uhusiano wake na Otto, na mpaka anafariki mwaka 1985 alikuwa anashikilia kwamba yule mtu wa kwenye kitabu na jukwaani siye aliyeishi naye.